Watoto Arobaini wa Odeta

Kwa miaka kumi na minane Odeta Malimi alipima pamba kwenye mizani ya ushirika pale Kisesa. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, ushirika ukapunguza watu, na Odeta akarudi nyumbani na barua moja, masikioni bado ukimlilia mnyororo wa mizani. Mwaka 1997 alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hapakuwa na aliyemhitaji apime chochote.

Ndipo aliposikia kwamba Daktari Yeremia, mtafiti wa Mwanza mjini, anatafuta watu wa kazi ya vijijini. Watoto mia tatu waliozaliwa mwaka 1994 wangetembelewa na kupimwa kila mwaka mpaka watimize miaka kumi na minane. Odeta akawakusanya wanawake watano waliopunguzwa pamoja naye, wakaandika maombi kwa mkono.

Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imewatangulia. Ilishapewa mwezi wa majaribio, na msimamizi wake Obedi, kijana wa tai, alileta ripoti iliyopigwa chapa, akaisoma mbele ya daktari na Odeta: watoto arobaini hawapo, wamekufa au wamehama.

"Arobaini, mwanangu?" Odeta aliuliza. "Kwani hapa ilipita vita?"

"Mama, nimeandika nilichoambiwa. Utafiti si umbea wa kisimani."

Daktari akamsogezea Odeta orodha. "Una siku kumi, mama. Ukiwapata nusu yao, kazi ni yenu mpaka watoto wakue. Usipowapata, nawafuta watoto hao, na kazi inakwenda Dar."

Siku ya kwanza, karibu na Bujora, Odeta alikosea vilevile alivyokosea Obedi. Alipiga hodi, akasoma karatasi: "Namtafuta binti yako, Rose."

Mwenye mji, Gladness, alikunja uso. "Hayupo." Mlango ukafungwa.

Odeta akabaki uani na aibu yake. Mbele yake mtoto wa miaka mitatu alitafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, shingoni ana ushanga mmoja mweupe. Ushanga ule Odeta aliujua. Naye alivishwa utotoni, homa ilipogoma kuondoka mpaka alipopewa jina la bibi yake marehemu; Odeta lilikuja baadaye, kwenye ubatizo. Tangu alipopewa jina la bibi, hakuna aliyethubutu kulitamka jina lake la kuzaliwa, ugonjwa usije ukalisikia ukarudi.

Akavuta ungo wa mahindi, akaanza kupukuchua. Baada ya muda Gladness akachungulia.

"Bado upo?"

"Mahindi yako makaidi kama wewe. Na huyu bibi anayenitolea macho anaitwa nani?"

Gladness akacheka bila kutaka. "Nyanzala. Mama mkwe wangu huyo, amerudi. Tulipompa jina lake tu, akanyonya."

Odeta akainama. "Shikamoo, bibi."

"Malahaba," mtoto akaitikia, michembe mdomoni.

"Alizaliwa lini?"

"Si mwaka ule lori la pamba lilipopinduka? Wewe ndiye uliyekuja kupima magunia yaliyolowa!"

Kadi ya kliniki ikatolewa kwenye nyasi za paa. Namba yake ilikuwa ileile ya kwenye orodha.

Kuanzia hapo Odeta na wenzake hawakuuliza tena majina ya karatasini. Waliwaamkia watoto, wakauliza habari za mwaka wa lori, wakaomba kadi.

Siku ya kumi aliiweka orodha mezani kwa daktari. "Thelathini na saba wapo. Watatu wamekufa kweli. Makaburi yao nimeonyeshwa." Moja ya makaburi yale lilikuwa fupi kuliko jembe.

Obedi akalegeza tai. "Mliwapata wapi, mama?"

"Kisimani, mwanangu."

Daktari alitia sahihi mkataba. Odeta hakutia yake mpaka fomu ya kila mtoto ilipoongezwa mstari wa jina ambalo mtoto anaitwa sasa. Akapiga hesabu: ziara ya mwisho ingemkuta na miaka hamsini na minane.

Wiki iliyofuata alitundika mizani kwenye boriti ya kibaraza cha Gladness. Mnyororo ukalia. Nyanzala akaning'inia, akirusha miguu.

"Kilo kumi na tatu na nusu!" Odeta akatangaza, kwa sauti ileile ya siku za pamba, na mji mzima ukapiga vigelegele.