Siku Redio Iliposubiriwa Kituoni

Juzi pale Roret, kwenye kituo cha kununua majani chai, mama mmoja alimwomba karani asimamishe mizani. "Ongeza redio kidogo. Huyu msichana wangu alishinda mbio za shule jana, watamtaja."

Sisi wote kwenye foleni tukatega sikio. Mtangazaji akataja wavulana watatu bora, shule zao, hata baba zao. Kisha akasema, "Wasichana nao walikimbia," akaweka wimbo.

Msichana akainama, akaanza kuchambua upya majani aliyokuwa ameshachambua.

"Karani, betri ya redio yako imeisha," mama akasema.

"Imeisha kweli, mama," karani akajibu, huku wimbo ukisikika hadi barabarani.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikaketi kumwandikia mtangazaji huyo maneno makali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sikumwuliza msichana jina.