Kiuno cha Mpiga Ngoma

Waliomwita Msumari hawakukosea: alikuwa mwembamba hivi kwamba akisimama ubavu, mvua ilimkosa. Alifanya kazi kwa shangazi yake, fundi wa sare, katika chumba kirefu chenye vyerehani ukutani, meza ya kukatia katikati, na kompyuta karibu na dirisha. Shangazi alipima watu, Msumari akapanga vipimo kwenye jedwali, kisha fundi mkataji akakata kitambaa kwa kufuata karatasi. Kabla ya kompyuta Msumari alikuwa wa kupiga pasi. Pasi hakuipenda, na pasi nayo haikumpenda. Makovu ya mikononi yalikuwa shahidi.

Mara ya mwisho jedwali lake liliwavika wahudumu wa hoteli suruali fupi mpaka wageni wakauliza kama mafuriko yanakuja. Kwa hiyo bendi ya zimamoto ilipoagiza sare za kitambaa chekundu, ambacho dukani hakikubaki hata cha kufungia kidole, shangazi alimwita kando.

"Jedwali hili likiharibika, mwanangu, unarudi kwenye pasi. Undugu ni wa nyumbani, hapa ni kazini."

"Sawa, shangazi."

Safari hii Msumari alikuwa na programu mpya ya kukagua majedwali. Ukiipa jedwali, inapita mstari kwa mstari kama mama mkwe anayekagua sufuria, na kila kisanduku inachokishuku inakipaka rangi nyekundu. Chini yake kuna kitufe kilichoandikwa Sahihisha Yote. Jedwali la bendi lilitoka na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Fundi mkataji alikuwa keshanoa mkasi, anapiga mluzi. Msumari akabonyeza kitufe, madoa yakatoweka, akachapisha karatasi na kuipeleka mezani huku akijisikia daktari bingwa.

Fundi akaisoma kwa kidole. "We Msumari, wale pacha wa tarumbeta, mmoja amefariki lini?"

"Nani kafariki?"

"Humu yumo mmoja tu. Mwenzake mmemzika bila kututangazia?"

Ni kwamba katika karakana ile mteja haandikwi kwa jina, huandikwa kwa kazi yake. Programu ilikuta tarumbeta na tarumbeta, kifua kilekile, mikono ileile, ikadhani mstari umejirudia. Ikamfuta mmoja bila hata pole.

Msumari akaweka kiganja juu ya karatasi. "Fundi, usikate hata uzi."

Akarudi kwenye kompyuta, akatengua kila kilichosahihishwa, madoa yakarejea. Akaanza upya, doa moja moja, kama anayechambua mchele. Pacha akawaacha wote wawili hai. Kwenye mstari wa filimbi, ukosi ulikuwa mpana kuliko nyonga. Shati lile lingemkaa vizuri nyumbu. Hapo programu ilisema kweli: vidole vya Msumari mwenyewe vilikuwa vimechanganya safu. Akarekebisha. Likabaki doa moja, kwenye kiuno cha mpiga ngoma kubwa.

Mpiga ngoma aliitwa Pipa. Tumbo lake lilikuwa likifika mlangoni, mwenyewe bado yuko njia panda anasalimia watu. Lakini jedwali lilimpa kiuno cha bibi harusi.

"Shangazi, kiuno cha Pipa ndicho hiki?"

"Futi hii ilianza kazi kabla hujazaliwa. Haijawahi kusema uongo."

"Futi sina shaka nayo, shangazi. Nina shaka na Pipa."

Washonaji wote wakageuka. Shangazi alikuwa mjane mzuri wa sura, na hakuna asiyejua kwamba Pipa hung'oa vifungo vyake mwenyewe ili apate sababu ya kuja kushonewa. Alipoitwa akafika upesi, utadhani karakana inawaka moto. Shangazi akakunjua futi. Papo hapo tumbo likazama ndani kama kichwa cha kobe. Futi ikatoa namba ileile.

"Umeridhika?" shangazi akamuuliza Msumari.

"Bado. Mjomba Pipa, za nyumbani?"

Pipa akaitikia kwa nyusi.

"Bendi itaanza na wimbo gani?"

Pipa akanyoosha kidole kuelekea darini. Uso ulishakuwa rangi ya kitambaa.

"Mjomba, au ni kweli wanavyosema, kwamba shangazi amekunyang'anya pumzi?"

"Nani kase—"

Hakumaliza. Tumbo lilirudi kwa kishindo, futi ikamponyoka shangazi, kifungo kikaruka kikavuka vyerehani vyote na kumpiga fundi mkataji kwenye paji la uso. Watu wakacheka mpaka mwenye cherehani cha mwisho akakaa sakafuni. Shangazi alijikaza, akashindwa.

"Pumua, baba, pumua," akasema akipangusa machozi. "Mimi nashonea walio hai."

Akampima tena. Msumari akaandika kiuno cha kweli, programu ikapita juu yake kimya, doa likajifuta lenyewe. Karatasi ikachapishwa, na mkasi ukaingia kwenye kitambaa chekundu kwa sauti tamu.

"Kesho wanakuja wauguzi," shangazi akamwambia Msumari. "Kaa hapohapo kwenye kompyuta yako. Ila nikianza kupima, uje unichekeshee watu."

Pipa alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha pembeni.

"Na mabega je," akauliza, "hatuyarudii?"