Kipa wa Dakika za Mwisho na Swali Nisilomuuliza

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeketi barazani namenya ndizi, kazi ambayo mke wangu anasema naifanya vibaya kuliko kuandika, simu ikalia. Aliyepiga ni mzee aliyekuwa akitunza jezi za timu yetu ya mjini miaka ile. Hakunisalimu. Alisema, “Yule wetu wa dakika za mwisho ametutoka. Figo. Tunazika kesho Izimbya.” Nikaweka kisu chini. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sina desturi ya kutaja majina, na leo pia sitataja, ingawa kwa wale wenye umri wangu Bukoba hii hakuna haja. Kipa wa akiba aliyeingizwa kudaka penalti tulikuwa naye mmoja tu.

Nianze na mabaya yake, maana marehemu mwenyewe hakupenda kupambwa. Hakuwa kipa mzuri. Krosi zilimsumbua, alikuwa mzito kutoka golini, na siku kipa wa kwanza alipoumwa malaria yeye akadaka dakika zote tisini, tulifungwa saba. Nadhani ni saba; mtunza jezi anasema sita. Tena alikuwa na hasira za benchi. Kocha akichelewa kumwita alikuwa anavua viatu na kuvivaa, anavua na kuvivaa, mpaka wenzake wanamwita baba kwa utani, “Tata, utavichosha kabla ya kazi.” Alilipwa mshahara wa timu kama wengine, akasajiliwa hata Mwanza kwa msimu mmoja, na mwaka mzima aliweza kucheza dakika chache kuliko alizotumia kufunga kamba. Lakini mechi ya mtoano ikifika dakika ya themanini na nane bila mshindi, uwanja mzima ulianza kumtafuta kwa macho.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Siku za katikati ya wiki alizunguka kuwauliza watu habari za wapigaji wa timu inayokuja: anatumia mguu gani, anakimbia hatua ngapi, ni mtoto wa nani. Kemondo, bandarini kwa wapakia mizigo, ndiko alikopata habari nyingi. Halafu siku yenyewe, mpigaji akishaweka mpira, yeye alitoka kwenye mstari wake na kwenda kumsalimia. Salamu kamili, kama watu wawili waliokutana njiani kwenye migomba. “Umeshindaje, waitu?” Waitu ni neno letu la heshima. Mpigaji angefanya nini? Huku kwetu mtu akikusalimu humwachi na salamu yake mdomoni, na kama ni mkubwa kwako unamjibu macho yakiwa chini. “Nimeshinda salama.” “Nyumbani hawajambo?” “Hawajambo.” “Mama hajambo?” “Hajambo, waitu.” “Haya, mwanangu, piga.” Mwamuzi mwenyewe Mhaya, angempaje mtu kadi kwa kusalimia? Nilimuuliza siku moja siri yake ni nini, akacheka. “Macho yakishuka,” alisema, “hayashuki tu. Yanapita kwanza kule anakotaka kupiga.” Kijana mmoja wa Karagwe, baada ya mpira wake kudakwa, alilalamika kwa sauti mpaka jukwaani tukasikia: “Huyu amekuja kudaka au kuposa?” Jukwaa likamjibu, “Mpe dada yako!”

Sijui kama ulikuwa ujanja wa haki. Nimelifikiria sana jambo hili na bado sijui. Kuna siku naona alikuwa anatumia heshima yetu kama ndoano. Siku nyingine naona alikuwa anamrudishia mtu ubinadamu wake kabla ya kumnyima goli. Mimi niliishia darasa la saba, nawaachia waliosoma waamue.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike leo. Ilikuwa fainali ya kombe la mkoa, sisi na timu ya Muleba, dakika tisini zikaisha bila bao, na yeye kama kawaida alikuwa ameshaingizwa. Mimi nilisimama nyuma ya goli na daftari langu. Penalti ya mwisho ya Muleba alikuja kuipiga kijana wa kisiwani Bumbire, fundi kweli, ambaye msimu mzima hakuwa amekosa. Kipa akamwendea. Umeshindaje, salama, nyumbani hawajambo. Kijana akajibu kwa shida. Kisha nikasikia kwa masikio yangu: “Baba hajambo?” Kijana hakujibu. Alijifuta uso kwa jezi, akarudi nyuma hatua zake, akapiga mpira ukapita juu ya mwamba wa goli, akakaa chini pale pale. Sisi tukashangilia. Kombe likawa letu.

Baada ya vurugu nilimfuata yule kijana. “Tumemzika baba Jumanne,” aliniambia, “na huyu alijua. Kemondo nzima wanajua. Alijua, akaniuliza makusudi.” Nami nilikuwa najua kwamba kipa wetu alishinda Kemondo Alhamisi ile akichunguza. Nikajumlisha. Mtu anayejua mpaka idadi ya hatua zako, atakosaje kujua msiba wako? Wiki ile niliandika, kwenye safu hii hii, kwamba kuna ushindi ambao mji unapaswa kuuonea haya, na kwamba yupo mtu aliyeugeuza msiba wa mwenzake kuwa glavu. Nilijisifu kwa sentensi ile. Watu waliisoma kwa sauti kwenye vibanda vya kahawa.

Yaliyofuata mnayajua. Kila alipoinuka kupasha misuli, mashabiki wa ugenini walimpigia kelele: “Waulize baba zao!” Wetu nao, nasema kwa haki, hawakumtetea sana. Akaacha kusalimia. Alibaki kwenye mstari wake kama makipa wengine, na kama makipa wengine akafungwa. Baada ya msimu mmoja na nusu timu ikamwacha. Siwezi kusema ni safu yangu iliyommaliza. Goti lake pia lilikuwa limeshaharibika, na kipa mpya alikuwa bora. Lakini siwezi kusema pia kwamba haikumgusa. Mara moja tu tulikutana sokoni baada ya makala ile. Alinisalimu vizuri, akaniuliza watoto, kisha akasema, “Umeandika vizuri, waitu. Ila hukuniuliza.” Mimi nikachukia. Nilidhani ananitisha.

Juzi kwenye mazishi, baada ya mchungaji kumaliza na udongo kurudishwa pale kwenye kibanja, shamba la migomba la familia, alinijia mtu mzima mwenye mvi kidogo, koti limemkaa kama la kuazima. Akaniuliza kama ndiye mimi wa gazeti. Nikasema ndiye. “Mimi ndiye niliyepaisha ile penalti,” akasema. Tukakaa kwenye benchi la msiba, na alichonieleza nimeomba ruhusa yake kukiandika.

Siku ile ya fainali, alisema, kule kwao matanga yalikuwa hayajaisha. Yeye ndiye aliyekuwa arithi, asimikwe mwisho wa matanga akabidhiwe kibanja cha baba yake, na mrithi hatoki nyumbani kabla ya hapo. Lakini fainali ni fainali. Akawaambia wajomba na baba zake wadogo kwamba anavuka kwenda Kemondo kutafuta sukari ya waombolezaji. Akafika uwanjani peke yake, akamwambia kocha boti ilichelewa. Msiba hakumwambia mtu yeyote, Kemondo wala Muleba, na simu kule kisiwani wakati huo zilitaka upande juu ya jiwe ndipo upate mtandao. “Kwa hiyo Kemondo hawakujua?” nilimuuliza. Akatikisa kichwa. “Hakuna aliyejua. Alipouliza baba, nilimwona baba. Nikajiona ninachofanya. Halafu wewe ukaja na daftari, nikatafuta wa kumbebesha.”

Jumatatu yake, kipa wetu, ambaye alikuwa amesikia habari za msiba pale pale uwanjani kama sisi wote, alivuka ziwa kwenda Bumbire kutoa pole. Alipokelewa, akapewa kahawa ya kutafuna, akaketi na wazee. Baba mdogo mmoja akawa analalamika mbele yake: “Huyu mtoto tulimtuma sukari Jumamosi, akarudi usiku kabisa na kilo mbili. Mrithi gani huyu? Tunafikiria tumpe mdogo wake.” Kijana alikuwa kwenye kona, anangoja aumbuliwe. Kipa akatafuna kahawa yake taratibu, akasema, “Msimlaumu, wazee wangu. Tulionana naye Kemondo. Boti ndizo zilizochelewa.” Alikaa siku mbili, akawachotea maji waombolezaji, akaondoka. Kijana alisimikwa. Kibanja kile ndicho kinachosomesha watoto wake hadi leo. Na makala yangu ilipotoka, kipa hakuweza kujitetea bila kusema kwamba Kemondo hakuna aliyejua, na angeanza kusema hivyo watu wangeuliza kwa nini mrithi alificha, na maneno yangevuka maji.

“Na wewe ulinyamaza miaka yote hiyo?” nilimuuliza. Ukali ulinitoka, kisha nikaona sina haki nao. Akasema, “Nilinyamaza. Kila mwaka nilimpelekea samaki. Kila mwaka alisema, usirudie, na kila mwaka alipokea. Wazee wale sasa wote wamekufa. Andika kwamba nilitoroka matanga.”

Nilitaka kuwa na uhakika, kwa kuwa nilishawahi kuamini upande mmoja na mnaona kilichotokea. Nikaenda kwa mjane, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na dada zake, nikamuuliza bila kumwambia nilichosikia: mume wake aliwahi kuzungumza habari za fainali ile? Akanijibu, “Baba, mimi ninajua tangu aliporudi Bumbire. Nilimwambia nenda kwa huyo mwandishi, mnong’oneze tu, atajua namna ya kurekebisha. Akakataa. Akasema siri si yake, na akija kuuliza mwenyewe nitaona la kumjibu. Tukangoja. Wiki za mwanzo alikuwa akisikia pikipiki inapanda huku, ananiambia bandika chai.”

Kwa hiyo naandika, kwa maneno ambayo sitayatengeneza yapendeze: hakujua. Nilikosea, na nilikosea juu ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuingia mambo yakishaharibika na kusimama pale ambapo wengine wamechoka kusimama. Nimetazama vijana wanaonyang’anyana nafasi ya kuandika kwenye gazeti hili, wepesi wa simu kuliko nilivyokuwa mwepesi wa kalamu, na ningependa kuwapa ushauri mkubwa, lakini ninao mdogo tu. Tunawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga. Tuwaambie pia kwamba kuuliza ni safari, kunataka nauli na kiatu. Kutoka dawati langu hadi mlango wa marehemu, kwa pikipiki, njia ikiwa kavu, ni asubuhi moja. Nimeijua njia hiyo juzi, nikienda kumzika.