Njia ya Siku ya Tatu

Kwa miaka kumi na mmoja Onyiego alikuwa mtu wa nyuma. Katika ziara za baiskeli za milimani, mtu wa nyuma ndiye anayebeba pampu na viraka, ndiye anayemsubiri mgeni aliyeishiwa na pumzi, na picha zikipigwa hayumo. Kampuni iliyomwajiri ilimsifu sana kwa kazi hiyo, na kila alipoomba kuongoza ziara yeye mwenyewe aliambiwa asubiri. Alisubiri hadi akachoka, akaacha kazi, akarudi kwake Litein kupanga ziara ya kwanza kwa jina lake.

Aluoch, mwanamke wa Nairobi ambaye kila mwaka hukusanya marafiki zake kuendesha baiskeli, akampa nafasi: watu saba, siku nne, kuanzia Kabianga hadi ukingoni mwa msitu juu ya Merigi. Sharti lilikuwa moja. Lami hawaitaki; lami wanayo kwao. Ramani ya njia nzima imfikie ifikapo Ijumaa jioni, la sivyo angeirudisha safari kwa waajiri wa zamani wa Onyiego, ambao wangeipokea wakicheka.

Siku mbili za kwanza zilipangika, na ya nne pia. Ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Simu ilimwonyesha vijia vilivyoishia mtoni pasipo daraja. Watu aliowauliza walimwambia ni hapo tu mbele, na hiyo hapo tu yao ikamlia mchana mzima. Kila siku saa nane mvua ilimshukia, naye kila siku alikuwa mahali pasipo na paa. Baada ya wiki mbili za namna hiyo ilibaki njia moja tu ya kuvuka mto bila kugusa lami: kijia kinachokatiza chai ya mkulima mmoja wa Merigi, Kipkemoi, hadi kwenye daraja la miti. Onyiego alikuwa amekipita mwaka juzi, mwezi wa nane, na Kipkemoi alikuwa amemruhusu kwa simu. Akakichora kwa kalamu nyekundu, akashusha pumzi.

Mama yake, Nyabate, alikuwa kando yake akichambua mboga za managu. Mama huyu alichuma chai katika shamba kubwa kwa miaka ishirini na sita, mpaka mashine za kuchuma zilipomrudisha nyumbani. Tangu hapo yeye na wanawake wenzake huenda vibarua kwa wakulima wadogo, leo Litein, kesho Bomet. Aliuliza njia hiyo inapita kwenye chai ya nani. Onyiego akamjibu kwamba hayo ni mambo ya ramani, apumzike. Mama akauliza mara ya pili, na mwanawe akajifanya hasikii.

Jumatano akapanda baiskeli kwenda kukihakikisha kijia chake. Alipofika kwa Kipkemoi hakukiona. Chai ilikuwa imefunga, meza moja ya kijani inayomfika kiunoni, kutoka barabarani hadi mtoni. Alijaribu kupenya, usukani ukanasa huku na huku. Akaiinua baiskeli juu ya kichwa, akatembea hatua kumi, akateleza, na baiskeli ikaangukia chai.

Kipkemoi alikuja taratibu, amevaa gambuti zake za mpira, akayatazama machipukizi yaliyovunjika. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Onyiego kuliko matusi.

"Si uliniambia umezaliwa kwa chai?" akauliza.

"Nimezaliwa huko."

"Na hukujua inafunga?"

Onyiego aliiinua baiskeli kutoka kwenye chai. Mwaka juzi chai hiyo ilikuwa imetoka kupogolewa, imekatwa hadi magotini, mto unaonekana kutoka barabarani. Kila mtoto aliyelelewa kwenye chai anajua kwamba kijia cha mwaka wa kupogoa si kijia cha mwaka wa pili. Yeye mwenyewe alicheza kwenye mashina hayo akiwa na miaka sita. Kujua alijua, ila aliipanga safari kwa macho ya watu wa Nairobi. Akaomba radhi, akasukuma baiskeli hadi barabarani, na mvua ikamkuta hapo.

Jioni aliibwaga baiskeli ukutani, akailaumu simu, akailaumu mvua, akamlaumu Aluoch na chai yenyewe. Mama alimwacha hadi maneno yakamwishia.

"Tata," akasema, maana ndivyo mama wa Kisii amwitavyo mwanawe, "si nilikuuliza mara mbili? Ungeniambia ni ya Kipkemoi, ningekuambia ilikatwa mwaka juzi. Nimeichuma hiyo wiki jana."

Kisha akampigia simu Mellen, mchumaji mwenzake wa Merigi, wakaongea Kikisii kwa kirefu, wakacheka mahali ambapo Onyiego alihisi anachekwa yeye. Kulikuwa na shamba la mjane mmoja juu kidogo ya mto, limepogolewa Julai hii, na chini yake pana daraja. Mjane angekubali, mradi wapite na mtu anayemjua, yaani Nyabate.

Ijumaa asubuhi wakaenda wote wawili. Kijia kilikuwa wazi, kipana, kizuri kuliko kile chekundu, ila kimefunikwa na matawi yaliyokatwa. Nyabate alitangulia, akamwonya ashuke, asukume. Onyiego alikuwa amesukuma baiskeli wiki nzima na hakutaka tena kuambiwa. Akapanda. Hazikupita mita ishirini, kijiti chenye ncha kikachoma gurudumu la mbele, na alipogeuza baiskeli, kingine kikachoma la nyuma.

Akapiga magoti kwenye matope, akatoa pampu na viraka. Alipoinua macho, mama alikuwa ameshafika darajani, mikono kiunoni, anamsalimia mjane. Hakugeuka kumtazama.

Saa kumi na moja Onyiego alimtumia Aluoch ramani. Fomu ya Aluoch ya safari hiyo ilitaka jina la kiongozi wa mbele kwa kila siku. Siku ya kwanza aliandika Onyiego, ya pili Onyiego, ya nne Onyiego. Kwenye ya tatu kidole kilisita sana. Mwishowe akaandika, huku ameuma meno: mbele, Nyabate; nyuma, Onyiego.