Makro Iliyokuwa Ikitoweka Korogwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Handeni nikiwa na vumbi la Segera kwenye viatu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza machungwa kwenye madirisha ya mabasi pale Segera, na Mratibu wa chama chetu cha wakulima, mzee wa baraghashia, alikuwa mteja wangu.

"Shikamoo, Mratibu."

"Marahaba. Si wewe uliyekataa kunipunguzia machungwa?"

"Ndiye mimi. Na leo pia ningekataa."

Akacheka, akanionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya maharusi. "Kaa hapo. Wanaojua kukubali ninao wa kutosha."

Nyinyi mnaoanza kazi sasa mnakuta kila kitu kimeshapangwa, kwa hiyo nieleze. Lahajedwali ni ile karatasi ya vyumba vyumba ndani ya kompyuta: hapa kijiji, hapa aina ya mbegu, hapa mifuko. Makro ni maagizo unayoifundisha lahajedwali mara moja, kisha unayafungia kwenye kitufe. Ukibonyeza, inafanya yenyewe kazi ambayo ingekula asubuhi yako yote. Changu nilikiita Panga Safari. Kilichukua oda za mbegu na kuzigawa kwa barabara: za tambarare kwenye lori, za mlimani, kama Kwashemshi, kwenye gari dogo, maana lori likikutana na zile kona baada ya mvua linalala huko huko. Fundi aliyenifundisha alitaka ada; mimi nilitaka alipwe machungwa. Tukamalizana kwa mahindi.

Pamoja na hayo, baada ya kitufe kuhesabu, nami nilihesabu kwa kidole. Mratibu akauliza kitufe ni cha nini basi. Nikamjibu ni cha kuhesabu mara ya kwanza.

Mratibu alipostaafu nilihamishiwa Korogwe, chini ya Meneja. Huyu alikuwa mtu wa maagizo. La kwanza alilibandika ukutani: faili moja, jina moja, mengine yafutwe. Ofisi nzima ikajibu ndiyo. Pale kila swali lilijibiwa ndiyo. Umeelewa? Ndiyo. Feni inafanya kazi? Ndiyo, na imesimama, na sote tunatokwa jasho tukiitazama.

Msimu wa mbegu ulipofika, makro ikaanza kutoweka. Asubuhi naingiza nyingine kutoka kwenye flashi yangu, mchana kutwa inafanya kazi, jioni naenda ghalani kuhesabu mifuko. Kesho yake nafungua faili: oda zote zipo, umbo la kitufe lipo, lakini nikibonyeza, kompyuta inalalamika kwamba makro yenyewe haionekani. Nikirudisha, inaondoka tena. Asubuhi moja nilipochelewa kuirudisha kwa kungoja umeme, safari ya mlimani iliahirishwa, na maneno yakaanza: Mama Zaina, yaani mimi, anaificha ili abembelezwe.

Meneja akaniita.

"Mawingu yale juu ya Usambara unayaona?"

"Nayaona, Meneja."

"Mbegu ziko ghalani na wewe unacheza na wakulima." Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa maelezo yangu, yameshaandikwa kwa niaba yangu, yakisema mimi ndiye ninayeiondoa makro. Palibaki nafasi ya saini tu. "Saini hapo, yaishe."

"Yaishe kwako au kwangu?"

Akasogeza na kalamu. Nilijua saini ile ni kazi yangu, na nyuma ya kazi kuna jina. Kutoka Segera hadi Handeni wangesema mimi ndiye niliyewanyima watu mbegu mvua ikija. Hilo halifutiki.

"Nipe wiki nikuletee sababu," nikasema.

"Kesho."

"Siku tatu, Meneja. Hata mtuhumiwa wa kuku hupewa siku tatu."

"Kesho, Mama."

"Basi kesho. Lakini leo jioni nabaki ofisini, mifuko ahesabu mwingine."

"Haya."

Wiki sikuwa na haja nayo. Nilitaka jioni ile.

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo kazi. Makro ikipotea, kwanza uliza inakaa wapi. Kuna wanaoihifadhi kwenye mfuko wa siri wa kompyuta moja. Ukihamisha faili, yenyewe inabaki nyuma. Yangu ilikaa ndani ya faili lenyewe. Nilitazama, nikatazama tena. Pili, uliza kama imelala. Faili likitoka nje, kompyuta huizuia makro kwa kuogopa virusi, lakini ukifungua chumba cha maagizo unaikuta imo. Mimi nilikuta chumba kitupu. Kitu kilicholala unakikuta kitandani. Yangu haikulala, ilikuwa imetolewa. Likabaki swali la tatu: nani wa mwisho kuhifadhi faili, na amelihifadhi kwa namna gani?

Wa mwisho alikuwa Stella, katibu muhtasi wetu, binti wa Kwashemshi. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake.

"Mama, umekuja kunichunga?"

"Nimekuja kujifunza. Funga kazi kama kila siku."

Makao makuu hawakupokea mafaili yenye makro. Barua pepe yao iliyarudisha. Kwa hiyo kila jioni Stella alilihifadhi faili kwa aina ya kawaida, ile isiyobeba makro. Kompyuta ikatoa onyo, Kiingereza kirefu, na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kidole chake kilifika kwenye Ndiyo kabla sijamaliza neno la kwanza. Akatuma. Kisha akalifuta faili la zamani, kama agizo la ukutani lilivyosema.

"Stella, umeulizwa nini hapo?"

"Sijui, Mama."

"Na umejibu?"

"Ndiyo." Akanitazama. "Sasa kompyuta ya ofisi imeniuliza, niiambie hapana? Mimi ni nani?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Yeye alipoelewa hakucheka. Machozi yakamlenga.

Kesho yake nilimweleza Meneja yote. Akasikiliza, akaitoa karatasi ile ile, akakata jina langu kwa kalamu, akaandika la Stella juu yake.

"Basi asaini yeye."

"Hapana," nikasema.

"Nini?"

"Hapana, Meneja. Mimi sisaini na yeye hasaini. Alichofanya kimeandikwa ukutani kwako."

"Mama Zaina, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimesimama. Ila kabla hujamwita, funga wewe kazi leo. Mara moja tu."

Jioni alikaa kwenye kiti cha Stella, mimi na Stella tumesimama nyuma yake, ili anikomoe. Akachagua aina ya kawaida. Onyo likatokea, na kidole chake nacho kikaenda mbio kwenye Ndiyo.

"Soma kwanza," nikamwambia.

Akasoma. Midomo ilikuwa inasogea: Ndiyo ni kuhifadhi bila makro, Hapana ni kurudi kuchagua aina inayoibeba. Nje mtu wa bodaboda aliita abiria mara kadhaa, na Meneja bado anasoma. Mwisho akabonyeza Hapana, akachagua aina inayobeba makro, akainuka bila kututazama. Karatasi yake aliichana mwenyewe. Agizo la ukutani likabadilika: mafaili mawili, moja la kazi, moja la kutuma. Asubuhi kitufe kilikuwa hai, na gari dogo lilipanda Kwashemshi kabla ya mvua. Samahani hakuniomba, nami sikuipunguzia bei; hadi leo naidai.

Nimestaafu sasa, nipo Handeni na kuku wangu, ambao pia nawahesabu mara mbili. Wapo wanaosema nilikuwa mkaidi, na kwamba mwanamke wa ofisini hukubali kwanza akauliza baadaye. Waseme. Ningekubali kwanza, leo msingekuwa mnasoma haya. Mngekuwa mnasoma karatasi ya Meneja.

Majuzi Stella alinipigia. Wameletewa kompyuta mpya, na imeanza maswali yake.

"Umeijibu nini?" nikamuuliza.

"Nimeiambia hapana, Mama. Halafu ndiyo nikasoma."

Nikamwambia asome tena.