Uso wa Fundi wa Tanuru

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Mchongaji alipokuja kiwandani kutafuta mfanyakazi wa kumtengenezea sanamu, wenzake walimsukuma mbele kwa sababu ya mabega yake, akarudi nyumbani akiona haya. Majuma kadhaa, kila akitoka kazini, alikwenda kusimama uani kwa mchongaji. Nilimpelekea chakula chake cha bukari, ugali wetu, huko, nikamwona akitokea polepole ndani ya simenti: paji lililokunjamana kwa joto, mdomo uliofumbwa, mikunjo kando ya macho aliyoipata kwa kutazama moto.

Sanamu ikasimamishwa kwenye njia panda, upande wa bomba kubwa la moshi. Wakati huo kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kabla mvua hazijarudi, tulimzika. Hatukuwa na picha yake. Nikienda sokoni nilipitia pale, namtazama kidogo, naendelea na safari.

Ikatangazwa kwamba wakubwa wanakuja kutoka Kinshasa. Barabara zikafagiwa, mawe yakapakwa chokaa. Asubuhi moja nikakuta mwashi amepanda ngazi kwenye sanamu, ana patasi mkononi. Nilipomuuliza, alishuka akanieleza kwa heshima kwamba watu wa chama tawala wamepita, wakaona mfanyakazi huyu amechoka mno. Wanataka anayecheka.

“Huyu ni bwana yangu,” nikamwambia. “Alikufa.”

Akatupa jicho kwenye gari la watu wa chama lililosimama ng’ambo.

“Mama, unisamehe. Miye niko natumika tu. Nikiacha, batatuma mwengine.”

Nikavuka hadi kwenye gari. Mtu aliyekuwa ndani alinisikiliza vizuri, wala hakunikemea. Aliniita sitwayeni, yaani mwananchi, kama tulivyoitwa wote siku hizo, akasema sanamu ile si ya mtu mmoja, ni ya wafanyakazi wote wa Zaire. Kisha akapandisha kioo.

Nilirudi nikasimama chini ya ngazi. Mwashi alianza na paji la uso. Vumbi la simenti likaniangukia kwenye kitambaa cha kichwa. Wanawake wa sokoni wakaja kunishika mkono.

Uso mpya ulikuwa laini, wenye mashavu ya kijana aliyeshiba.

Mwanangu wa mwisho, aliyezaliwa baada ya mazishi, nilikuwa nimemzoesha kutazama pale. Tulipopita tena, alinyoosha kidole kutoka mgongoni kwangu.

“Baba,” akasema.

Sikumkatalia.