Chupa Iliyooshwa

Daktari wa Kilosa alikata kipande kidogo kwenye uvimbe wa titi la dada yangu, akakitia kwenye chupa yenye dawa kali ya kukihifadhi, akanikabidhi mimi nikipeleke Dar es Salaam. Hospitali haikuwa na gari wala mtu wa kutuma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imeachia kila mtu ajitafutie, kila mgonjwa na ndugu zake. Alinieleza kwamba kule wangetazama uvimbe ni wa aina gani, na pia kama chembe nyeupe za damu, hao walinzi wa mwili, zimeingia humo kupambana.

"Nikisikia zimejaa, huwa napata moyo," alisema.

Nikaitikia kwamba nimeelewa. Kuitikia haraka ndiyo kazi niliyoimudu maisha yangu yote.

Nililala Mikumi kwa dada huyo, aliyekuwa akiuza chai na maandazi kwa madereva wa malori. Mama alikuwa amekuja kumuuguza kutoka kijijini kwetu Ulaya, si ya Wazungu, bali ya huku huku Kilosa. Asubuhi niliiacha chupa mezani nikaenda barabarani kutafuta basi. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa tele, kila kondakta akiapa kwamba anaondoka sasa hivi, na hakuna aliyeondoka. Niliporudi, chupa ilikuwa kwenye kichanja, imeoshwa, imepinduliwa kati ya vikombe vya chai.

"Mama, kilichokuwemo kiko wapi?"

"Nimekizika. Mtu hasafirishwi vipande vipande, mwanangu. Kitovu chake nilikizika mimi, na hicho nimekizika mimi."

"Umekizika wapi?"

"Sikuonyeshi."

Nilimfokea mama yangu mbele ya wateja, mimi ambaye asubuhi hiyo hiyo nilimwamkia shikamoo kwa magoti. Dada akatoka, mkono juu ya bandeji, akaniambia niache. Nikamwambia basi turudi Kilosa akakatwe tena. Akasema kidonda kipone kwanza. Kikapona, akasema mahindi ya mama yavunwe kwanza. Kila nilipokwenda Mikumi nilikuta sababu mpya na uvimbe umeongezeka. Nilikuwa nikirudi nimenuna, nikiwalaumu wote wawili kimoyomoyo mpaka nafika nyumbani.

Alipokubali hatimaye, mama aliipakata chupa ya pili mwenyewe hadi Dar es Salaam. Harufu ya dawa ilimtoa machozi, lakini hakutaka kunipa. Nilimsomea majibu: chembe nyeupe, wale walinzi wa mwili, zilikuwa zimejaa kwenye uvimbe. Yalikuwa majibu mazuri ya uvimbe ambao, kwa muda tuliopoteza, ulikuwa umeshafika kwenye mapafu.

Siku hizi nasikia kuna madaktari wanaozitazama chembe hizo wanapopanga matibabu. Kila nikisikia, hasira zangu zinaanza upya.

Tulimzika dada Ulaya. Wiki moja baadaye mama alikuwa anapeta mchele uani, akaniuliza bila kuinua macho:

"Hao walinzi, walikuwemo hata kwenye kile nilichokizika?"

Hakuna binadamu aliyeweza kulijua hilo. Ningeweza kumwambia hivyo. Ningeweza pia kumkumbusha kwamba siku ile niliiweka chupa mezani, mbele yake, nikatoka bila kumwambia neno hata moja ni ya nini.

"Walikuwemo," nikamjibu.

Mama akasema ahsante, akaendelea kupeta.